Zimwi Huita Mara Moja

Kwetu mtoto wa kike akiitwa huitika "abee". Haulizi kwanza anaitiwa nini, wala hangoji amalize mchezo. Mama yetu alikuwa na fimbo ya mpera kwa ajili ya abee iliyochelewa, na mimi na mdogo wangu tuliijua vizuri fimbo hiyo. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba katika familia yetu kunyamaza unapoitwa halikuwa jambo dogo.

Bibi mzaa mama peke yake ndiye aliyetupa ruhusa ya kunyamaza, na aliitoa ndani ya hadithi. Jioni, tukipukuchua mahindi jikoni kwake huko juu Uluguru, alitusimulia habari za zimwi linaloishi kwenye ukungu. Halina mwili, lina sauti tu, na hata hiyo sauti ni ya wizi: huita watoto kwa sauti za mama zao. Kaka mmoja akaitika "naam", akamezwa. Dada yake akanyamaza, akangoja. Hapo bibi aliacha mahindi, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Zimwi huita mara moja. Mtu ataita tena." Yule dada akaisikia sauti ya pili, akaitika abee, akatoka ukunguni na kumkuta mama yake.

Nilipokuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi huku chini mjini, Kihonda, niliiandika hadithi hiyo. Nilitia vya kwangu pia: ndege anayekula majina ya watu, mto unaopanda mlima badala ya kushuka. Nilijiona mtu hasa. Mhariri aliyeupokea muswada, kijana mstaarabu wa Dar es Salaam, aliupenda, ila mwisho ulimkera. Sasa mtoto anyamaze au aitike? Kitabu cha watoto, alisema, lazima kiwe na fundisho, na fundisho liwe moja, la mstari mmoja, likae mwishoni kwa herufi nene. Walimu watauliza hadithi hii inatufundisha nini, na mtoto lazima awe na jibu.

Ningebisha vipi? Swali hilo nimeliandika ubaoni miaka mingi, na mtoto aliyejibu kwa sentensi mbili nilimkata alama. Nikaifuta sauti ya pili. Katika kitabu changu yule dada ananyamaza tu mpaka ukungu unaondoka, kisha anarudi nyumbani kwa miguu yake. Chini yake, kwa herufi nene: Usiitike sauti ya mtu usiyemwona. Ilikuwa sentensi nzuri. Mpaka leo ni nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mdogo wangu alibaki mlimani, kwenye shamba la bibi. Alikuwa na binti wa miaka tisa, ambaye kila likizo alishuka kukaa nami. Jina lake silitaji. Limekwisha kuitwa vya kutosha. Kitabu alikijua chote kwa moyo, pamoja na makosa ya chapa. Akaanzisha mchezo. Nikimwita kutoka jikoni, ananyamaza. Nakuja kumtafuta, namkuta nyuma ya mlango ameziba mdomo kwa viganja viwili, macho yanacheka. "Nimepona, mama mkubwa," ananiambia, nami nampa andazi. Nilifurahi kupita kiasi. Mwandishi gani asingefurahi?

Mama yake alinilalamikia kwenye simu. Mtoto tangu arudi haitiki, anaitwa mpaka koo linakauka. Nilimjibu kwamba huyo atakuwa msomi, amwache. Tukacheka wote wawili, yeye kidogo kuliko mimi.

Masika yaliyofuata, Jumamosi moja, watoto walikwenda kuokota kuni pembeni mwa msitu. Ukungu ukashuka. Kule ukishuka humwoni hata uliyemshika mkono. Wenzake wakarudi mmoja mmoja, yeye hakurudi. Niliposikia nilipanda bodaboda mpaka pale barabara inapoishia kwenye matope, nikamalizia kwa miguu. Alasiri nilikuwa nimefika. Wanaume walikuwa wanapiga madebe, wanawake wanaita. Mdogo wangu aliita mpaka sauti ikawa ya mtu mwingine. Nami niliita, kwa sauti yangu ya darasani inayofika hadi dawati la mwisho. Mahali fulani njia inapita juu ya korongo lililofunikwa na magugu. Tulipumzika hapo. Nilikunywa maji, nikaita tena, tukasikiliza. Mvua tu. Giza lilipoingia wazee wakatukataza kuendelea, wakisema tutapoteza na wengine.

Asubuhi kulipokucha kweupe, mtu mmoja aliona gauni la mtoto chini ya korongo lile lile. Aliteleza, paja likavunjika, na mvua ilimnyeshea usiku kucha. Kutoka pale nilipokunywa maji ningeweza kumtupia embe.

Walimbeba kwa blanketi na miti miwili mpaka barabarani, na kutoka hapo hospitali mjini. Madaktari walifanya waliloweza. Kifua kilikuwa kimeshajaa. Siku ya pili homa ilimwachia kidogo akafumbua macho. Mama yake alikuwa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Alinitazama mimi.

"Niliwasikia, mama mkubwa. Wewe na mama. Mliita sana."

Nikamvutia shuka mabegani. Nilijua.

"Sikuitika hata mara moja," akasema.

Alikuwa anangoja andazi lake. Nawaomba mnielewe: hakuwa analia, hakuwa anasikitika. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyemaliza mtihani mapema na anajua kwamba amepata yote. Nikamwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu." Neno lingine nalitafuta mpaka leo. Mama yake alikuwa anasikia. Mtoto akafa kesho yake asubuhi, nasi tukamrudisha mlimani akazikwa siku ile ile baada ya adhuhuri.

Msiba wetu hauendi bila watani. Ndio wenye kazi ya kuchekesha penye kilio, na mtani haonewi hasira. Kwa msiba wa mtoto wanajizuia, lakini mmoja, mwanamke mnene aliyekuwa anachochea kuni chini ya sufuria la wali, hakuweza kunipita hivi hivi. Alisimama mbele yangu na mwiko mkononi, akauliza kwa sauti ya mwalimu, "Haya, hadithi hii inatufundisha nini?" Wanawake wakaficha nyuso kwenye khanga. Hakujua alichokuwa anakisema. Alijua tu kwamba naandika vitabu. Nikatoa sarafu kama desturi inavyotaka, nikampa, akapiga kigelegele kifupi akarudi motoni. Mdogo wangu yeye alijua. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananitazama.

Siku ya tatu, watu walipoanza kutawanyika, alinifuata nyuma ya nyumba nilipokuwa naosha sahani. Hakupandisha sauti.

"Mimi nilimfundisha kuitika," akasema. "Wewe ukamfundisha kunyamaza, ukampa na andazi."

Nilitaka kumwambia kwamba hadithi ni ya bibi, na yeye mwenyewe aliisikia, jikoni kule kule, na ikatulea sote wawili. Nikakumbuka kwamba aliyoisikia yeye ilikuwa na sauti ya pili. Mchana ule tuliita mara ngapi? Mtoto aliyelelewa na hadithi ya bibi angeitika kabla hatujavuta pumzi. Bibi, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, alijua kwamba mtoto ukimtisha lazima umwachie na njia ya kurudi. Mimi niliyesomea ualimu niliikata ili fundisho litoshe mstari mmoja. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuwa mtoto wa mdogo wangu, ambaye kwetu ni mtoto wangu.

Mhariri alinipigia kunipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Nilimweleza yote. Akasema sauti ya pili itarudishwa kitabu kikichapwa tena. Akauliza, kwa unyenyekevu, fundisho sasa liwe lipi. Nikamwambia lisiwepo. Akauliza kama nina hakika, maana ukurasa utabaki na nafasi tupu. Nikasema ibaki.

Baada ya arobaini nilichukua nakala yangu mwenyewe, nikakata ule mstari mnene kwa kalamu, na juu yake nikaandika maneno ya bibi kama alivyoyasema. Nikapanda nayo mlimani. Sikuwa na tamaa kubwa. Nilitaka tu mdogo wangu ayaone maneno hayo kwa mwandiko wangu, ajue kwamba nimekiri.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, na nilisikia mwiko ukisonga ugali. Nilisimama mahali ambapo mtu wa ndani angeniona bila shida.

"Hodi," nikasema.

Mwiko ukaacha kusonga.

"Hodi," nikasema tena, nikatia na jina lake.

Nilimsikia akipumua. Nikangoja. Nikapiga hodi ya tatu, polepole, na kabla sijaimaliza mwiko ukaanza tena kusonga. Hodi ya tatu isipopata karibu, mgeni huondoka. Hilo nalo mama alitufundisha wote wawili. Nikakirudisha kitabu kwenye mkoba, nikashuka.