Mpishi wa Chombo cha Angani

Video zilipoanza kuingia Songea, rafiki yangu wa Ruhuwiko alikuwa nayo kwao. Kwetu ilikuwa redio tu. Kila Jumatatu, tukifagia uwanja wa shule, alitusimulia tamthilia moja ndefu ya chombo cha angani, kisha tukabishana nani mkali kuliko wote. Wenzangu walimtaka nahodha. Mimi, roho ikiniuma kwa wivu, nilimpigania mpishi aliyewapikia hata maadui ugali na dagaa wa Nyasa. Nilibisha kama niliyemwona kwa macho.

Ukubwani nikaipata mikanda yote, nikaitazama mpaka wa mwisho. Mpishi hakuwemo. Jamaa alimtunga mwenyewe, ufagio mkononi! Leo mwandishi wa vitabu ni mimi, na sijapata kutunga mtu kama yule.