Pembetatu Nyekundu ya Mama Maximilla

Ofisi ya mradi wa mbegu hapa Kasulu ilikuwa na watu wanne, kompyuta moja na nusu, na pembetatu moja nyekundu. Kompyuta nzima ilikaa masjala, mezani kwa Mama Maximilla. Ile nusu ilikuwa laptopu ya mkuu wa kituo, Bwana Khatibu, ambayo iliingia ofisini saa nne pamoja na mwenyewe na kuondoka saa tisa pamoja na mwenyewe, kama mke mpya. Pembetatu nyekundu ilikuwa ya ofisi nzima, ila lawama zake zote alibebeshwa mama wa watu.

Mama Maximilla ana miaka hamsini na saba, anatoka Heru Juu, na kila siku ya kazi anateremka kwa miguu hadi mjini akiwa na mwavuli, mvua iwepo isiwepo. Jumapili ndiye msomaji wa somo la kwanza kanisani, na akisoma hata watoto wanaacha kulia, si kwa utamu, ni kwa uoga. Aliajiriwa mwaka 2016 kwa kazi ya masjala: pokea barua, gonga muhuri, fungua jalada. Mwaka juzi wakubwa wa mradi wakaamua kwamba wakulima wa maharage wasiandikwe tena kwenye daftari, waandikwe kwenye mfumo wa mtandaoni. Daftari lilikuwa na kasoro kubwa mbili: halikuhitaji umeme, na lilifanya kazi.

Sasa, jambo moja kuhusu huyu mama. Miaka mitatu nyuma radi iliingia na waya wa umeme ikaichoma kompyuta ya kwanza ya ofisi mpaka ikanuka kama kuku aliyesahauliwa jikoni. Huku kwetu milimani radi haipigi hodi. Tangu siku ile, kila jioni kabla ya kufunga, Mama Maximilla anachomoa kila kitu ukutani: kompyuta, printa, birika la chai, hata redio ya Pasikali mlinzi katikati ya taarifa ya habari. Asubuhi saa mbili anachomeka tena, anawasha, anafungua ukurasa wa mfumo. Na pembetatu inamkaribisha.

Chini ya pembetatu kulikuwa na onyo kwa herufi kubwa kwamba mbele kuna hatari. Chini ya onyo, maelezo marefu ya Kiingereza kwa herufi za ukubwa wa mchwa. Chini kabisa, kitufe cha kusema umekubali hatari na unaendelea. Siku ya kwanza mama aliondoa mikono mezani kama aliyeshika pasi ya moto. Akampigia Raymond, mtaalamu wa mifumo anayekaa Kibondo na kuhudumia vituo vyote.

"Shikamoo mama. Inasemaje?"

"Marahaba. Inasema hatari, mwanangu."

"Hiyo kawaida. Shuka chini kabisa, bonyeza umekubali hatari."

"Nikubali?"

"Kubali tu."

"Hatari ya nini?"

"Mama, nina watu hapa."

Akakubali. Akakubali kesho yake, na keshokutwa, na miezi yote iliyofuata. Raymond alikuja mara mbili kwa basi kutoka Kibondo, kitambulisho kimening'inia kifuani kama nishani. Mara zote mbili alifika saa nane mchana, na saa nane pembetatu haikuwepo. Ilikuwa na tabia hiyo: asubuhi ipo, ikifika saa tano haipo. Raymond akatazama mashine, akamtazama mama, akafungua laptopu yake mwenyewe na kusema, "Kwangu inafungua." Kwa wasiosoma kompyuta, maneno hayo mawili ndiyo stashahada nzima. Mimi niliacha katikati kwa sababu nilikuwa nimeshayasikia.

Ofisini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Pasikali alisema mtandao unasikia baridi ya asubuhi kama binadamu wengine. Rabia, binti wa Tabora aliyeletwa kusaidia uchapaji, alisema ni wadukuzi. Bwana Khatibu, mtu wa Tanga, anayejua kila kitu hasa kile asichokishika, alisema, "Ni mikono. Kuna watu mikono yao na mashine havipatani." Jambo moja tu hakuna aliyelifanya: kuyasoma yale maelezo ya mchwa. Angesoma nani, wakati kitufe kiko pale chini kinangoja?

Mwezi wa kumi mambo yakachacha. Orodha ya kugawa mbegu ikashuka kutoka makao makuu, na kituo cha Kasulu kilionekana hakijasajili hata nusu ya wakulima wake. Watu walioamka alfajiri na kupanga foleni dirishani kwa Mama Maximilla, wenye mashamba ya kuwahi, hawamo. Wavivu waliokuja mchana baada ya kulala, wote wamo. Mkulima mmoja wa Heru Juu, Mpawenimana, alitoka ghalani mikono mitupu akaja dirishani moja kwa moja.

"Mama Maxi, siku ile uliniandika au ulinichora?"

"Nilikuandika, baba. Nakumbuka hata shati ulilovaa."

"Basi nenda ghalani ukawaambie wanipe mbegu za shati."

Foleni yote ikacheka. Mama hakucheka.

Jumanne asubuhi Rabia akamwendea, macho chini. "Mama, naomba unipishe kidogo kwenye kompyuta, nina barua ya bosi." Kompyuta ya mama ndiyo pekee iliyounganishwa na printa. Mama akampisha, akasimama pembeni akisubiri. Barua ikatoka printani, ikapelekwa kwa Bwana Khatibu ikasainiwa, ikarudi masjala. Mama akaigonga muhuri wa kupokelewa na kuiandika kwenye rejista, kwa sababu utaratibu ni utaratibu. Ndipo akaisoma, akakuta ni yake.

Anahamishiwa kituo cha Gwarama kuhesabu magunia ghalani, kwa sababu ameshindwa kutumia mfumo, isipokuwa alete maelezo ya kuridhisha kabla ya Ijumaa saa sita.

Gwarama hakuna aliyeisema vibaya. Wana ardhi nzuri na maharage yao hayana majungu. Lakini iko mbele ya Kibondo, ndani ya wilaya ya Kakonko, na mama yake Maximilla yuko kitandani Heru Juu. Bibi Jeanne alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na mtoto mmoja mgongoni, na mtoto mwenyewe ndiye huyu anayehamishwa. Bibi hali chakula ila kwa mkono wa binti yake. Walishaajiriwa wasaidizi wawili, na wote wawili bibi aliwafungia mdomo siku tatu mfululizo mpaka wakaondoka wakilia. Ukimpeleka Maximilla Gwarama, umemzika Jeanne kwa barua ya ukurasa mmoja.

Mama aliirudia barua mara tano. Mara ya tano akaona juu kulia imeandikwa tarehe 1 Januari 2012. "Haraka za Rabia," akasema. Hakuifuta. Mtu wa masjala hafuti barua ya mtu.

Alhamisi asubuhi akakaa kuandika maelezo yake. Na mtu wa masjala haandiki maelezo bila kiambatanisho. Alitaka onyo lenyewe liwe kiambatanisho A. Kuipiga picha skrini hajui, kunakili anajua. Akawasha mashine, pembetatu ikatokea, akafungua daftari na kuanza kunakili yale maneno ya mchwa, neno kwa neno, akiyasoma kwa ile sauti yake ya Jumapili. Pasikali aliyekuwa mlangoni akavua kofia. Rabia akasogea kutafsiri.

"Hapo inasema haiwezi kuuamini ukurasa huu," Rabia akaeleza. "Inasema cheti cha ukurasa, yaani kitambulisho chake, bado hakijaanza kutumika. Inasema..." Akainama karibu na skrini.

"Inasema nini, mwanangu?"

"Inasema kompyuta yako inadhani leo ni tarehe 1 Januari 2012. Inaomba urekebishe saa."

"Tumshukuru Mungu," akaitika Pasikali, maana somo lilikuwa limekwisha.

Mama aliinuka. Akafungua kabati, akatoa jalada, akaishika barua ya uhamisho sambamba na skrini. Tarehe ile ile.

"Rabia, hii tarehe uliiandika wewe?"

"Hapana mama, inajiweka yenyewe."

"Na mkulima nikimsajili, tarehe nani anaweka?"

"Inajiweka yenyewe."

"Nitafutie mwaka 2012."

Rabia akatafuta. Wakajitokeza wote, watu mia moja arobaini na watatu, Mpawenimana akiwa wa saba, wamejipanga vizuri na namba zao za simu, wakisubiri mbegu kwenye mwaka ambao mradi ulikuwa hata haujaota. Mashine ilikuwa na kibetri kidogo cha kukumbuka saa, na kilikuwa kimekufa zamani. Ikichomolewa jioni inasahau miaka yote. Ikiwashwa asubuhi inaanza upya, mpaka kwenye saa tano inapokumbuka kuuliza saa kwenye mtandao. Na mwezi baada ya mwezi ilikuwa ikiyasema yote haya waziwazi, kwa maandishi, kila asubuhi.

Wakampigia Raymond.

"Aah, hiyo ni betri ya ndani," akasema. "Hiyo inajulikana sana."

"Inajulikana na nani?" mama akauliza.

"Kitaalamu, mama."

Ijumaa saa nne na robo Bwana Khatibu aliwekewa mezani karatasi moja na viambatanisho viwili. Akasoma kwa sauti, jambo alilojuta baadaye kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

"Rejea barua yako ya tarehe 1 Januari 2012 kuhusu kichwa cha habari hapo juu. Naomba kueleza kwamba tarehe hiyo nilikuwa bado sijaajiriwa na mradi huu, hivyo nashindwa kutekeleza uhamisho..." Akainua macho. "Mama Maximilla, unanifanyia mzaha? Hii tarehe ni kosa la mashine!"

"Ndiyo, mkuu. Mashine hiyo hiyo iliyowaweka wakulima wangu mwaka huo huo. Kiambatanisho B, majina yote. Kama tarehe ni sahihi, sijaajiriwa. Kama ni kosa la mashine, basi umesema mwenyewe."

Bwana Khatibu akaitazama mikono yake. Sijui aliona haipatani na kitu gani. Akachukua kalamu, akaandika pembeni: Maelezo yamepokelewa, uhamisho usitishwe. Samahani haikuandikwa, inaelekea haimo kwenye fomu.

Raymond akawarudisha wakulima mwaka huu, kazi ya mchana mmoja, na kuitolea taarifa ya kurasa nne. Pasikali akatumwa sokoni kwa fundi saa, akarudi na betri ya ukubwa wa kifungo cha shati. Wakaiweka, wakachomoa mashine, wakachomeka, wakawasha. Ukurasa ukafunguka mweupe. Mama alishuka chini kabisa kwa mazoea akitafuta pa kukubali hatari, hakupaona.

Saa kumi na moja akachomoa kila kitu, redio ya Pasikali ikiwemo, kwa sababu betri ni betri na radi ni radi. Akapanda Heru Juu na mwavuli wake. Jirani alikuwa amemwekea Bibi Jeanne uji, na uji ulikuwa umeganda kwenye kikombe bila kuguswa.

"Mwana wanje, mwanangu," bibi akasema, "hiyo Gwarama unakwenda lini?"

"Ilikuwa niende mwaka 2012, mama. Nimeshachelewa." Maximilla akaukoroga uji, akainua kijiko.

Bibi akafikiri kidogo, akafungua mdomo.