Rupia Niliyoipitisha kwa Sikio

Siku yangu ya kwanza kazini niliketi nyuma ya kaunta ya duka la sonara pale Bariadi, nikaambiwa nifumbe macho. Sonara Mkuu, ambaye kazi yake ilikuwa kuyeyusha na kufua fedha, aliweka sarafu kwenye ncha ya kidole changu akaigonga taratibu kwa sarafu nyingine. Akarudia kwa sarafu ya pili, kisha akauliza ipi ni fedha. Nikasema ya kwanza.

"Kwa nini?"

"Imeendelea kulia baada ya wewe kuacha kugonga."

Hakunisifu. Alimgeukia Tajiri, mwenye duka, akamwambia binti huyu asipewe ufagio, apewe kiti.

Watu wa vijijini walituletea vikuku, pete na rupia za Mjerumani walizorithi, zile zenye sura ya mfalme aliyevaa kofia yenye tai juu. Tulizinunua ili ziyeyushwe. Kazi yangu ilikuwa kutenga fedha na visivyo fedha, na vipimo vyake ni vilevile hata leo ambapo vitu hivi vinauzwa kwenye simu. Rupia ya kweli ina gramu kumi na moja na nusu na ushee. Ikichakaa hupungua, lakini si sana. Haishikwi na sumaku. Ilipigwa chapa kwa mashine, kwa hiyo herufi zake ni kali na mistari ya ukingoni imepangana sawasawa. Ya kughushi mara nyingi imemiminwa kwenye kalibu, nayo huacha vitundu kama vya andazi na mshono mwembamba ukingoni. Kipimo cha mwisho ni mlio. Kwetu kiligeuka kuwa cha kwanza, kwa sababu yangu.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Binza, Maswa. Meneja wa Tawi alikuwa mtu nadhifu aliyefuta mizani kwa pamba kila asubuhi. Yeye alipima, mimi nikagonga, na nilimaliza kabla mizani haijatulia. Aliyeshindwa alinunua soda. "Mama Minza," aliniambia siku moja, "mshahara wangu wote utaishia kwenye chupa." Kisha nikapelekwa Mwanhuzi kununua fedha siku za mnada. Ng'ombe walilia pande zote na vipaza sauti vya wauza dawa vilishindana, lakini nilizisikia sarafu zangu. Ni huko Mkaguzi wa Mizani alikofika, akapitisha kidole juu ya mizani yangu na kukitazama.

"Ina vumbi hii."

Nilimjibu kwamba siihitaji sana, nina sikio. Wateja wakacheka.

"Mizani ikiharibika, mimi nitakuja nikuambie," alisema. "Sikio likiharibika, nani atakuja?"

Tulimcheka mpaka alipopanda gari lake.

Nilistaafu nikarudi Bariadi. Binti yangu Minza alikuwa ameolewa Dutwa, na kila aliponitembelea alianza kwa kupunguza sauti ya redio. Nami kila mara nililalamika kwamba watangazaji wa siku hizi wanaongea mdomo ukiwa umefumbwa.

Baba mkwe wake, Mzee Masanja, ni mkulima wa pamba anayeshika mila. Ukoo wao ulikuwa na rupia iliyotobolewa, ambayo mkuu wa nyumba huivaa shingoni siku ya kuwatambikia wazee waliotangulia. Ilipotea nyumba ya mama yake ilipoungua. Mwaka huu aliona inayofanana nayo kwenye kundi la wauza vitu vya kale mtandaoni, na muuzaji akatuma video ya rupia ikigongwa na kulia vizuri. Walikubaliana kwamba mtu wa muuzaji ataileta kwa basi hadi nyumbani kwangu. Nikiipitisha, atalipwa palepale. Ili apate malipo hayo, Mzee Masanja aliuza maksai mmoja kati ya wawili waliokokota plau lake. Aliyebaki hawezi kulima peke yake.

Tuliketi uani: mimi, yeye, Minza aliyemsindikiza, na mtu wa muuzaji. Niliiweka rupia kwenye ncha ya kidole.

"Mama," Minza akasema karibu na sikio langu, "si tuipeleke kwanza kwenye mizani?"

"Mizani ni ya wanafunzi, mwanangu."

Nikagonga. Nikasikia mlio mrefu, mwembamba, uleule wa siku yangu ya kwanza. Nikasema, "Ni yenyewe."

Mtu wa muuzaji akainamisha kichwa. Nilidhani ni heshima. Minza aliinama akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Mzee Masanja alinitazama kidogo, kisha akalipa.

Aliniachia rupia nikaitoboze. Kijana sonara wa sokoni alipoweka keekee, unga uliotoka ulikuwa mwekundu. Shaba. Akaiweka kwenye mizani, ikawa nyepesi. "Na mlio wenyewe hauna, Bibi," akasema. Nilimwambia haiwezekani, nimeusikia mimi. Nikafumba macho, nikamwomba aigonge. Nikasubiri. Nikamwambia agonge basi.

Akanigusa bega ili nimtazame. "Nimeshagonga mara tatu, Bibi."

Simu ya muuzaji ilikuwa haipatikani tena. Asubuhi iliyofuata nilipanda basi hadi Dutwa. "Mwangaluka, Mama Minza," Mzee Masanja akanipokea kwa salamu ya asubuhi, akaniwekea kiti. Nikampa rupia na kumweleza yote huku nikitazama viatu vyangu.

"Niliisikia," akasema kwa sauti kubwa, na sasa nikatambua kwamba siku zote huongea nami hivyo. "Ilipiga kama kizibo cha soda."

"Na ukalipa?"

"Ningekukosoaje mbele ya mwanao, ambaye ndiye mkwe wangu? Halafu nikasema, huyu ni mtu wa kazi hiyo. Labda anasikia tusichokisikia sisi."

Nilimsihi asiivae. Akasema ukoo umeshaambiwa kwamba Mama Minza ameipitisha; asipoivaa, itabidi aeleze sababu.

Vijana bado wananiletea sarafu walizoziona mtandaoni. Nawaambia wamtake muuzaji apige picha sarafu ikiwa juu ya mizani, wakague ukingo, na ikifika waipime upya kabla hawajalipa. Wakiniomba nigonge, naagiza mizani. Sijawaambia kwa nini, mpaka leo ninapoandika haya.

Siku ya kutambikia nilialikwa Dutwa nikakalishwa mbele, pamoja na wazazi. Shamba la nyuma ya nyumba lilikuwa limelimwa nusu kwa jembe la mkono. Mzee Masanja alitoka akiwa na rupia shingoni. Alipoinama kumimina pombe chini, ikayumba ikagonga kifungo cha chuma cha shati lake, na watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Mimi niliona tu ikigonga.