Ukiulizwa Wapenda Kulala Wapi

Juzi mjukuu wangu alikuwa kifudifudi mkekani, hapa hapa kwangu Kilifi, akisoma Kizungu kwa sauti nami napepeta mchele. Wamefundishwa kitenzi. Neno lenyewe silitamki vizuri, ulimi wangu uliishia darasa la tatu, lakini maana yake alinieleza: ni kupenda kitu hiki kuliko kile. Chai kuliko kahawa. Akasema latumika kwa watu pia, na latumika ukitaka kumwuliza mtu kwa adabu, bwana, ungependelea kukaa ndani au barazani? Kisha akaniinulia uso. "Nyanya, na wewe toa mfano wako."

Nikamwambia angoje niteleke mchele. Mchele niliuteleka, mfano sikuutoa. Mtoto mdogo vile, utamwambia nini? Ndiyo nimekuja kwako wewe, mtu mzima mwenzangu.

Sisi kwetu ni bara, juu huko, ukiiacha Kilifi na bahari yake mgongoni ukapanda mpaka mchanga ugeuke mwekundu. Nimelelewa na hawe. Hawe ndiye nyanya, ndivyo tunavyowaita Wagiriama. Mamangu alikuwapo, nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua, lakini kwetu mtoto akishaachishwa ziwa hulala kwa nyanyake. Nyumba ya hawe ilikuwa ya udongo na makuti, ndani giza hata mchana, na juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa mahindi uliokuwa mweusi kwa moshi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi yaliyofukizwa, nasimama njiani kama mtu aliyeitwa.

Mamangu hakupenda watoto wenye kuchagua. Ukisema hiki sitaki, jibu lake lilikuwa moja: "Mchagua nazi hupata koroma." Ukanyamaza ukala. Hawe alikuwa kinyume. Katika watu wazima wote wa boma lile, ni yeye peke yake aliyeuliza mtoto apenda nini. Alikuwa na vyungu viwili vidogo, kimoja cha mchunga, ile mboga chungu, na kimoja cha kunde za nazi, na kila jioni alituuliza kama tu wageni wa maana: "Haya, wewe wapenda ipi?" Kila siku ni kunde, naye kila siku aliuliza, na mchunga akaula yeye. Na ukoko wa sima ulikuwa wangu. Ukoko ule, rafiki yangu, ulikuwa na rangi ya asali na ukikatika walia ka!

Babangu alikuwa mbali. Alifanya kazi hotelini Kikambala, jikoni, akija mwisho wa mwezi na mkate wa kukatwa na hadithi za wageni. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. "Yai moja," alisema, "maswali manne! Wapenda la maji? La kukaangwa? Jicho juu au ligeuzwe? Na kiini kiweje?" Hawe akamwambia, "Basi huko ndiko nilikostahili kuzaliwa." Ndivyo alivyokuwa, mcheshi, na kichwa cheupe kama pamba ya msufi, hakifungwi kitambaa.

Kichwa hicho ndicho nataka ukitie akilini. Wewe wa mjini wajua mvi ni heshima. Kwetu pia ni heshima, lakini mvi zikiwa kwa mwenye shamba zuri, wapo wanaozitazama kwa jicho jingine. Shamba la hawe lilikuwa kando ya barabara, na minazi yake, na mikorosho. Baba mdogo, yaani ndugu mdogo wa babangu, ndiye aliyebaki nyumbani. Mwaka mmoja mtoto wake aliugua homa isiyoisha, na mbuzi wawili walikufa wamefura. Maneno yakaanza. Kwanza kisimani, kisha dukani, kisha wanawake waliokuwa wakija kwa hawe kuomba moto wakaanza kupita wakienda kuomba mbali. Neno mchawi hakuna aliyelisema mbele yake. Walisema tu "yule", na mdomo wakauelekeza kwetu.

Kisha baba mdogo akawa mpole. Mtu ambaye miaka yote hakumwuliza mamake hata kama amekula, akaanza kumwuliza apenda nini. "Mama, ungependa nikujengee nyumba nyingine, kule nyuma kwenye utulivu? Wapenda chai yako na sukari? Mama, wewe mlango wako wapendelea ufungwe kwa nje au kwa ndani?" Sisi watoto tulifurahi, tukaona baba mdogo kabadilika, Mungu amemgusa. Hawe alikuwa akijibu, "Sawa tu mwanangu, hivi hivi." Akishaondoka, hawe hurudi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akune akune, na siku moja aliniambia bila kuniangalia, "Ukiona beberu aulizwa apenda majani gani, ujue wageni wa arusi wako njiani." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baadaye zamu ikawa yangu. Nilikuwa nafagia ua asubuhi, baba mdogo akachuchumaa mbele yangu, mkononi ana kaimati kwenye karatasi, bado za moto, shira yavuja.

"Mwanangu hebu niambie. Wapenda kulala kwa hawe ama kwa mamako?"

"Kwa hawe."

"Kwa mamako nitatia godoro. La sponji."

"Kwa hawe."

"Na nikikununulia viatu?"

"Nitavivaa nikilala kwa hawe."

Akacheka, akanipa kaimati moja, nyingine akaondoka nazo. Usinipambe sifa kwa jibu lile. Sikuwa na ushujaa wowote, nilikuwa na ukoko. Mtu aache ukoko kwa ajili ya sponji?

Lakini kesho yake alirudi, na siku nyingine tena. Mara gauni, mara soda. Kila mara swali ni lile lile, na kila mara lililainika zaidi, mpaka nikaanza kuliogopa bila kujua kwa nini. Jirani yetu, mwanamke mjane aliyesuka makuti, alilisikia siku moja. Akamfuata mamangu jikoni, nami nikiwa pale namenya muhogo. Akasema, "Mwenzangu, huyu mtoto asitoke kwa nyanyake. Hakuna mtu atakayefanya neno na mtoto mle ndani. Umenielewa?"

Mamangu alisita na kisu mkononi. Alikuwa mke wa watu, mumewe hayuko, na shemeji ndiye mwenye sauti. Lakini jioni ile baba mdogo alipoanza tena habari za godoro, mamangu alisema kwa nguvu, mpaka njiani walisikia, "Mtoto akipenda kwa nyanyake, mimi nitamshika miguu? Muache!"

Hapo nami nikaelewa, kwa akili ya kitoto. Nikaelewa kwamba mimi ni komeo la mlango. Sikuthubutu tena hata kwenda kucheza mbali. Hawe aliniona. Alinitengea ukoko wangu, akaniuliza, "Wewe wataka kwenda kwa mamako?" Nikakataa kwa kichwa. Akasema, "Ningekuwa nina nguvu ningekufukuza," akafunika chungu.

Kisha ikaja asubuhi moja, tumekaa uani, hawe apeta unga, jirani ameleta makuti yake, mamangu ananisuka. Baba mdogo akaja na mfuko, ndani mna nguo zangu zimekunjwa tayari. Akasema shangazi yangu wa Kilifi ataka msichana wa kumsaidia, na shule nitasomeshwa huko, na lori la makaa lapita barabarani sasa hivi. Safari hii hakuniuliza napenda nini. Mikono ya mamangu ilikufa kichwani pangu. Shule, utakataaje shule? Mtoto kupelekwa kusoma, nani atasema hapana?

Hawe akaweka ungo chini. Akajipangusa unga.

"Nami napenda nimsindikize mjukuu wangu mpaka barabarani."

"Mama, jua kali hili. Kaa."

"Siku zote hizi waniuliza napenda nini. Leo nimekujibu."

Baba mdogo akatazama huku na huku. Jirani akadakia, "Ebo! Mama kumsindikiza mjukuu kuna nini? Ama njia imekuwa yako?" Akasimama kabisa, kashika kiuno. Basi mbele ya watu angefanya nini? Akatupisha.

Hawe hakuchukua kitu. Hata leso ya pili hakuchukua, maana angechukua angejulikana. Aliupita mlango wake bila kugeuka. Tukashuka njia ya mikorosho, kanishika mkono, kiganja chake kikavu, bado kina unga. Lori likasimama. Utingo akanipandisha juu ya magunia, akamwona hawe naye ainua mguu.

"Nyanya, na wewe wasafiri?"

"Namsindikiza huyu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

Akamvuta juu. Tulifika Kilifi weusi kama masufuria, shangazi akatujua kwa meno.

Usiku ule ule nyumba ya hawe iliungua. Jirani ndiye aliyetuma habari. Makuti, uchaga, vyungu, vyote. Walisema baba mdogo alilia mbele ya watu akasema ni kibatari. Lakini kibatari hicho aliyekiwasha nani, hali mwenye nyumba hakurudi? Na mlango, alisema jirani, ulikutwa umefungwa. Kwa nje. Mimi sijui kama aliyeufunga alijua kwamba hakuna mtu ndani, au alidhani kizee kilirudi jioni kwa njia ya nyuma. Sijui, na aliyejua amekwisha kufa.

Babangu alitupangia chumba Takaungu. Kuzuri kule, kimya, watu wana salamu, shikamoo na marahaba toka mwanzo wa kichochoro mpaka mwisho. Hawe aliishi, akanenepa kidogo. Lakini rafiki yangu, yule mtu sikumpata tena. Samaki tafi au changu, hawe? "Chochote." Leso hii au ile? "Yoyote." Kitanda cha dirishani? "Popote." Ukimwuliza mara ya pili alikuwa akiutazama mlango. Nami nikajifunza kutomwuliza, nikawa nampakulia tu.

Kule bara nimekwenda mara moja tangu nizeeke. Pana ukuta wa mawe na geti, mikorosho imekatwa, na mlinzi, kijana wa watu, aliniuliza namtafuta nani. Baba mdogo alikuwa ameliuza shamba zamani, hawe angali hai. Nilinusa hewa kama mbwa. Hata moshi haupo.

Hawe alipokuwa akiaga dunia nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, nami mama wa watoto tayari. Kwetu mtu huzikwa kwao, wajua, na kwao hakukuwako tena, lakini swali halikwepeki. Nilimwinamia nikamwuliza polepole, hawe, wapenda tukulaze wapi? Nilingoja aseme popote. Nilimwomba Mungu aseme popote.

Akasema, "Napenda kwetu."

Tukamzika Takaungu, pembeni mwa kiwanja cha mwenye nyumba, aliyetuonea huruma.