Neno Lililomtoa Warigia Kazini

Ukungu bado umelalia mabati ya Eldoret, na Warigia Gathogo anapuliza vidole kabla ya kugusa taipureta. Ameketi kwenye baraza la duka la mbegu. Mzee mmoja amekuja kuandikiwa barua ya shamba.

"Mzee, niandike 'naomba' ama 'nadai'?"

"Andika naomba, mama. Kudai kutaniletea maneno."

Warigia anacheka kicheko kikavu. Maneno anayajua.

Hadi miaka mitatu iliyopita, 1988, alikuwa mpiga chapa katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini humu. Alikabidhiwa kamusi ya Kihispania na Kiswahili, iliyotungwa zamani kwa ajili ya wamisionari, ambayo Padri Anselmo, Mhispania, alikuwa akiifanyia marekebisho. Ilikuwa imepitwa na wakati. Haikuwa hata na "matatu" wala "harambee". Taipureta nayo haikuwa na herufi ñ, kwa hiyo kila ilipotokea Warigia aliichorea kiwimbi chake kwa kalamu.

Padri alimzoea, akawa anamuuliza watu wanasemaje siku hizi. Walipofika kwenye M upande wa Kiswahili, uchaguzi wa kupanga foleni nyuma ya wagombea, ambao watu waliuita mlolongo, ulikuwa umepita majuzi tu.

"Nilimwambia, Padri, mlolongo sasa iko na maana ingine," anasimulia. "Akasema nimpe mfano. Mimi nilikuwa nimesimama Kapsoya kwa foleni ndefu kabisa, na mtu wetu akatangazwa ameshindwa. Nikampa: 'Mlolongo mfupi ulishinda.'"

Aliupiga chapa mwenyewe. Nani aliupeleka ukurasa huo polisi, hajui hadi leo.

"Mlolongo mfupi ndiyo nini?" afisa alimuuliza.

"Ni mfano wa kamusi tu, afande."

"Kamusi ya kupinga serikali?"

Alilala seli wiki nzima, kwenye sakafu ya saruji. Alipotoka, kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Mwenye kiwanda, aliyekuwa akimwita dada, alizungumza naye mlangoni, hakumkaribisha ndani. Padri Anselmo alinyimwa kibali cha kuishi nchini, akarudi kwao.

Mwaka jana mtawa mmoja alimwonyesha ile kamusi ya Padri, toleo jipya lililochapwa Hispania. Warigia alifungua palepale kwenye M. Mlolongo: fila, yaani foleni. Basi.

"Waliondoa mfano, wakaondoa na maana," anasema. "Sasa mimi nililala chini kwa nini?"

Siku njema hupata ya unga na mafuta taa. Hata hivyo anadunduliza ili akodi chumba Cheptiret, afungue darasa la kufundisha wasichana kupiga chapa. Binti yake, Nduta, atakuwa mwanafunzi wa kwanza.

Atawafundisha nini?

"Kupiga haraka, bila makosa." Anavuta shali mabegani. "Na bila kusoma wanachopiga. Mwenye hasomi, huyo hafutwi."