Majani ya Jana

Ninafundisha biolojia Kitshanga, na mimi ni mwoga. Wanafunzi hawalijui hilo. Mama yangu analijua, ndiyo maana Jumamosi ile ya kwenda kuvuna maharage Muheto nilijitia mjuaji njia nzima.

Nilimsimulia somo la wiki: panya kwenye kisanduku chenye milango miwili. Panya mmoja hurudi tu pale aliposhiba mara ya mwisho. Mwingine hukisia chakula kitahamishwa lini. Hata wakiingia mlango uleule, seli za ubongo wao hazifanyi kazi sawa, kila mbinu ina alama zake mle ndani. Nikamtania mama kwamba yeye ni panya wa tatu, maana njia aliyopita salama jana, leo haitaki.

"Wenye bunduki wanazoeyaka nyayo za muntu," alisema. "Na panya yako ikikosea, inakosa kakula tu. Miye nikikosea?"

Nilicheka, nikaongeza mwendo.

Tulifika njia panda: moja inapanda kilimani, nyingine inashuka mtoni. Jana yake mama alikuwa amepita kilimani, kwa hiyo leo alitaka mtoni. Lakini njia ya mtoni ilikuwa imelazwa majani. Kwetu, anayetangulia hulaza majani kwenye njia asiyoipita, ili anayemfuata asiishike. Nikasema waliotangulia wameogopa kitu huko chini, tupande. Mama alifungua mdomo, akaufunga, akanifuata. Sikuinama kutazama kama majani yamenyauka.

Hatukwenda mbali. Risasi zililia mbele yetu, karibu mno, tukajitupa ndani ya mihogo. Watu walishuka mbio kwa njia ileile tuliyokuwa tunapanda, na nilisikia buti zao zikivunja vijiti. Nilitetemeka hadi mama akanikandamiza mgongo kwa mkono wake, nisitikise mihogo.

Walipopotea alininong'oneza: "Ile majani ni miye niliwekaka jana, kusudi mama yako mudogo anifwate huku ya kilima."

"Juu ya nini haukusema?"

"Si weye ndiyo ulisoma?"

Tulirudi mikono mitupu. Tangu hapo, tukifika pale njia panda ninasimama nyuma yake nimsubiri achague. Naye hugeuka, usoni hana mzaha hata kidogo, akaniuliza:

"Mwalimu, tupite wapi?"