Transista Niliyoiunga kwenye Kinanda cha Papa Anselme

Kwanza nilisikia mlio mwembamba kama wa mbu aliyeingia sikioni, halafu "pa!" moja kavu, na moshi ulipoonekana mwili wangu ulikuwa umekwisha kujua, ndiyo maana leo watu wa mtaa wetu wa Mudzipela wakiniita Courant, yaani Umeme, nageuka tu bila kubisha, jina nimelistahili.

Papa Anselme ndiye mzee anayepigia kwaya yetu kinanda. Hicho kinanda kidogo cha plastiki ndicho kitu pekee alichokibeba kichwani alipokimbia vita (godoro lilibaki, mbuzi walibaki), na sasa bunduki zilikuwa zimenyamaza kidogo, watu wanarudi mmoja mmoja huku bado wanalala na viatu karibu na mlango, na Jumapili hiyo kwaya ya mtaa wa Lumumba ilikuwa inakuja kuimba nasi kwa mara ya kwanza tangu tutawanyike. Betri hakuna. Kulikuwa na kisanduku changu cha umeme, chenye kitufe cha kuzungusha uchague volti tatu, sita au tisa, ila kilikuwa dhaifu: ukibonyeza noti moja, sawa, ukibonyeza nne pamoja sauti inazama kama mtu anayesinzia.

Mimi fundi redio, nilijua dawa. Volti zilitosha, kilichopungua ni mkondo, kama bomba jembamba linaloinyima ndoo maji. Nikang'oa transista kubwa kwenye amplifaya iliyokufa, nikaiunga pembeni mwa kisanduku ibebe mzigo, nikaifunga kwenye bati ipoe, nikajaribu kwa balbu ya gari. Ikawaka bila kutetereka! Kila nilipozungusha kitufe ilimeta mno, kufumba na kufumbua, kisha ikatulia, nami nikaona (jamani, mimi huyu) kama inanikonyeza, nikakaa asubuhi nzima nikizungusha na kutabasamu, wala sikujiuliza inaniambia nini.

Jumapili jenereta likanguruma nje, kanisa likajaa hadi madirishani. Nilikuwa nimeweka sita kwa tahadhari. Noti zikasimama imara, zote nne, lakini kwa sauti ya chini.

"Fundi!" Mama Zawadi, kiongozi wa kwaya, akaita. "Sauti haifike huku nyuma!"

"Ongoja, mama, naongeza."

Papa Anselme akaniinamia bila kuacha kupiga. "Zima kwanza, mutoto yangu."

Nizime katikati ya wimbo, mbele ya wageni? "Apana, Papa, haina shida," nikasema, nikazungusha.

Kumbe kati ya namba na namba kitufe kinaachia huku kabla ya kushika kule, na katika upenyo huo hakuna kinachouambia umeme ukomee wapi, unaruka hadi juu kabisa. Zamani ungeruka ukiwa mnyonge. Mimi ndiye niliyeupa misuli.

Pa! Kavu kama risasi, na kinanda kikafuka moshi. Na katika mji ule, mwaka ule, hakuna aliyengoja maelezo: kwaya mbili zikawa chini ya mabenchi, shemasi mmoja akatoka kwa dirisha na kitabu chake cha nyimbo.

"Ni masasi?" Mama Zawadi akanong'ona kutoka sakafuni.

"Apana, mama. Iko miye."

Kicheko kilichofuata, sijakisikia kingine kama hicho. Watu wa Lumumba na wa kwetu wakainuana, wakapangusana vumbi, wakaimba kwa midomo mitupu, na vizuri. Aliyekuwa hacheki ni Papa Anselme, ambaye vidole vyake viliendelea kubonyeza, tak, tak, tak, plastiki tupu.

Jumatatu alikuja kwenye karakana yangu na kinanda kwapani. Hakunitukana (ningependa anitukane). Akataka nifungue kisanduku, akavaa miwani, akauliza hiki ni nini, na hiki, na kile, mpaka tukafika penye upenyo.

"Na kama ungezima?"

"Ingebakia muzima, Papa."

Tangu siku ile sijazungusha kitufe chochote kabla ya kuchomoa waya, hata cha redio ya mtu, wateja wanicheke wawezavyo. Lakini siku hiyo nilitaka kurekebisha mara moja, nikamwomba aniachie kinanda, nijaribu.

"Apana, mutoto yangu," akasema kwa upole, akikirudisha kwapani. "Weye umeisha kujaribu."

Akatoka, akaurudisha mlango taratibu mpaka ukagusa fremu.